Taa Moja Iliyobaki

Jumamosi kama Jumamosi zote. Jenipher alitoka twisheni vumbi mpaka magotini, tumbo linanguruma, macho yanawasha. Darasa la saba si mchezo. Alfajiri alikuwa ameshachota maji, na sasa gereji ya baba ilikuwa inamsubiri, hapo hapo Mtoni, nyuma ya nyumba yao.

Baba yake, fundi Apolinari, alikuwa kajilaza ndani ya gari la Mzee Hashil, miguu tu inaonekana mlangoni. Gari la zamani kweli, limemzidi fundi umri. Kesho yake Mzee Hashil angeliendesha mpaka Lindi, kumpeleka mkewe Bi Zubeida harusini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jeni, nipimie ile saketi ya dashibodi kabla sijaifunga. Njia moja moja. Nikishafunga, kuitoa tena ni kubomoa dashibodi nzima, na huu mgongo umekwisha."

Saketi yenyewe ni plastiki nyembamba, ina njia za shaba kama mistari ya kiganja. Kazi Jenipher aliijua: waya wa betri huku, balbu kule. Ikiwaka, njia nzima. Isipowaka, imekatika. Indiketa, ikawaka. Taa kubwa, ikawaka. Chaji, ikawaka. Kichwa kikawa kinamwangukia mezani.

"We Jeni!" Rafiki yake Tabu alichungulia, kashika mpira wa soksi. "Rede inaanza. Au umeolewa na hiyo plastiki?"

Ilibaki njia ya taa ya oili. Jenipher akagusisha waya. Giza. Akagusisha tena. Giza vilevile. Akajisemea: kwani gari likiwa zima, taa hii si huwa haiwaki? Ikiwaka ndiyo balaa.

Alijua anajidanganya. Taa ile kazi yake ni kumshtua dereva oili ikiisha. Njia ikikatika, inanyamaza tu mpaka injini ife.

"Baba, zote zimewaka!"

"Ahsante, mama."

Rede yenyewe hakuifaidi. Mpira wa kwanza tu ukampiga mgongoni, akatoka, akakaa chini ukutani.

Mzee Hashil alipofika, baba alikuwa anakaza skrubu ya mwisho, shati limemganda kwa jasho. Mzee akaingia, akawasha, injini ikaitika hapo hapo.

"Mashallah! Tazama, Apolinari, hakuna taa hata moja inayolalamika!"

"Kapima binti yangu," baba akasema, na uchovu wote ule akatabasamu. "Akipima huyu, mie sirudii."

Maneno hayo yakamchoma Jenipher kuliko mpira. Mzee alikuwa keshatia gia. Jenipher akakimbia, akasimama mbele ya gari.

"Babu, zima! Taa ya oili haifanyi kazi. Niliona pale mezani, nikasema uongo."

Injini ikazimwa. Baba aliangalia mikono yake, halafu dashibodi, halafu binti yake.

"Uliona kabisa?"

"Niliona, baba. Nilikuwa nimechoka."

"Injini ingetufia porini," Mzee Hashil akasema taratibu. "Halafu Bi Zubeida angenimaliza mie."

Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Alichukua bisibisi, akaanza upya, anaguna kila akiinama. Jenipher akamshikia tochi na skrubu. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Baba akauchomea risasi ya kulehemu, wakapima mezani, balbu ikawaka. Wakafunga tena. Mzee alipozungusha ufunguo, taa ya oili ikawaka nyekundu. Injini ilipokubali, taa ikazima.

"Sasa hii imezima kwa haki," Mzee Hashil akasema, akaondoka.

Baba alijitupa juu ya tairi bovu.

"Jeni, kuchoka si kosa. Mie hapa hata kijiko sitaki kuinua. Ungesema, 'Baba, moja haijawaka, nimeshindwa,' ningemalizia mwenyewe. Ila ukisema zote, mwenzio anaweka roho yake juu ya hilo neno, anasafiri nalo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Nisamehe."

"Yameisha. Vyombo vya asubuhi uliosha vyote?"

"Vyo..." Jenipher akajirudi. "Sufuria bado, baba."

Baba akacheka, cheko la mtu aliyechoka.

"Haya. Hiyo itatusubiri. Nenda kajinyooshe."