Fedha za Matofali

Asubuhi Sunkesari alibandika chai kama kawaida. Alitia maziwa, tangawizi na sukari, akangoja ichemke. Juu ya kichwa chake bati lilikuwa linadondosha maji ya umande. Tone moja liliangukia blanketi la mama mkwe wake. Mama mkwe akakohoa, akajivuta pembeni.

Waliishi watu wanne katika chumba hicho cha mabati: Sunkesari, mumewe Purnakaji, binti yao Reshma, na mama mkwe. Chumba kilikuwa nyuma ya kiwanja chao, mjini Patan. Kiwanjani ndipo iliposimama nyumba yao kabla ya tetemeko la ardhi. Sasa palibaki nondo nne na majani.

Purnakaji alikuwa fundi wa kuchonga madirisha. Watu waliojenga upya walimletea kazi, naye aliwachongea tausi na maua kwenye mbao ngumu. Kwake hakukuwa na dirisha hata moja.

"Mwanangu anawapa watu wote macho," mama mkwe alipenda kusema. "Sisi ametuacha vipofu."

Walicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Msimu wa mvua uliopita, maji yaliingia mpaka chini ya kitanda cha mama mkwe. Kifua kilimbana, akalazwa hospitali. Daktari alisema asilale tena mahali penye unyevu. Kwa hiyo walikubaliana kwamba mvua zijazo zisiwakute kwenye mabati.

Fedha za kujengea walikuwa nazo. Waliuza shamba lao dogo la mpunga, wakaongeza akiba zao zote. Fundi mwashi alisema angeanza kazi matofali mapya yatakapotoka tanuruni. Ilibaki kungoja miezi michache tu.

Ndipo alipokuja wifi Chameli, dada wa Purnakaji. Chameli aliuza shanga mtaa wa pili, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Mmeziacha fedha zilale benki kama paka jikoni?" aliuliza. "Nunueni hisa za benki. Wakimaliza mkutano wa mwaka watagawa hisa za nyongeza. Unalala na mia, unaamka na mia na ishirini. Nani anakataa hicho?"

Mtaa mzima ulikuwa unanunua. Nao wakanunua, hisa za benki mbili, kwa fedha zote za nyumba. Siku ya sikukuu ya Lakshmi, mungu wa kike mwenye kuleta mali, mama mkwe aliichukua karatasi ya hisa. Aliiweka kwenye sinia la sadaka pamoja na maua ya manjano na sarafu. Katika ukoo wao, kilichowekwa mbele ya Lakshmi hakiondolewi.

Hisa za nyongeza zilikuja kweli. Lakini bei ya kila hisa ilishuka siku hiyohiyo. Sunkesari hakuelewa. Aliona aibu kuuliza.

Asubuhi hiyo ya baridi, chai ilikuwa bado motoni redio ilipotangaza habari. Waziri mkuu alikuwa amelivunja bunge. Chama tawala kilikuwa kimegawanyika. Watu walikuwa wanatoka barabarani kuandamana.

Purnakaji aliweka patasi chini. "Soko la hisa linafunguliwa saa tano," alisema.

Saa tano Reshma alishika simu, wote wakamzunguka. Majina ya benki yalikuwa mekundu.

"Nyekundu ni nzuri?" bibi yake aliuliza.

"Nyekundu ni kushuka, bibi."

"Zote?"

"Zote."

Siku ile Sunkesari alipakua wali na dengu, lakini wali wake mwenyewe aliurudisha sufuriani. Alipotazama nondo nne kiwanjani, aliona kama zinazama ardhini.

Kila siku hisa zilishuka tena kidogo. Sunkesari akaanza kuogopa saa tano. Akisikia redio ya jirani ikianza taarifa ya habari, alifunga mlango. Mama mkwe akikohoa, Sunkesari alihesabu miezi iliyobaki kabla ya mvua.

Alipokwenda kuchota maji, alimkuta Tirtha, jirani yao mstaafu. Siku hizi alikaa kwenye duka la chai kutwa, simu mkononi.

"Mama Reshma, uzeni leo," Tirtha alisema. "Kesho hamtapata wa kununua. Na kama mna akiba benki, itoeni. Benki zitafungwa. Mimi zangu nitazifukia uani."

"Nani kasema zitafungwa?"

"Watu wanasema."

Jioni wifi Chameli naye akaingia.

"Wifi, mbona uso umesawijika? Umefiwa?"

"Hisa zinashuka, wifi."

"Una moyo wa kuku. Zikishuka ndio wakati wa kununua. Mimi nimeweka rehani hisa zangu, nimekopa, nimenunua nyingine. Kaka, na wewe weka hati ya kiwanja. Serikali mpya ikiingia tu, utajenga ghorofa nne."

Sunkesari aliona macho ya Purnakaji yakienda kwenye sanduku lenye hati ya kiwanja. Hapo hofu yake ilizidi. Fedha zilikuwa zinapungua, na sasa hata ardhi ya kujengea ingeweza kuondoka.

Kesho yake alikwenda benki. Huko walikuwa na akiba ndogo ya matumizi ya nyumbani, naye alitaka kuitoa kama Tirtha alivyoshauri. Watu walikuwa wamejipanga, wananong'ona. Katika foleni hiyo alimwona Rojina, mwalimu wa chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Alikuwa amekumbatia mkoba wa chama.

"Na wewe unatoa?" Sunkesari aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, dada. Naweka. Hizi ni fedha za chama."

"Watu wanatoa, wewe unaweka?"

Rojina alimtazama. "Ngoja nimalize," alisema. "Twende tukakae juani."

Walikaa kwenye ukumbi wa wazi wa kupumzikia, kando ya njia, ambako wazee walikuwa wanacheza karata. Sunkesari alieleza yote. Alipofika kwenye kikohozi cha mama mkwe, alirudia mara mbili habari ya hospitali. Rojina alimngoja mpaka akamaliza.

"Umechanganya vitu viwili, dada, kama wengi wetu," alisema. "Amana na hisa. Ukiweka amana, benki ni mdeni wako. Na amana za watu wa kawaida zina bima mpaka kiwango fulani. Lakini ukinunua hisa, wewe ni mmoja wa wenye benki. Ikipata faida, unapata. Ikibanwa, mnabanwa pamoja. Hapo hakuna anayekudhamini."

"Na zile hisa za nyongeza? Wifi alisema ni za bure."

"Ukiwa na sufuria moja ya dengu ukaigawa kwenye bakuli nyingi, dengu imeongezeka?"

Kumbe ndiyo maana bei ilishuka siku ile.

"Lakini iliyoanguka ni serikali," alisema. "Benki haijakosa kitu. Kwa nini inapigwa yenyewe?"

"Yule jirani yenu anayejenga hoteli, bado anajenga?"

"Amesimamisha. Anasema anataka aone kwanza nani atatawala, na kodi zitakuwaje."

"Basi mkopo aliotaka kuchukua benki hakuuchukua. Mwenye malori alikwishakopa, lakini barabara zimefungwa kwa maandamano, kwa hiyo anachelewa kulipa. Mkandarasi anangoja malipo ya serikali, na bajeti imekwama. Wote hao ni wateja wa benki. Benki inaishi kwa riba yao. Wenye hisa wanawaza kwamba mwakani faida itapungua, wanauza mapema."

"Hata kama faida haijapungua bado?"

"Hata kama. Bei ya hisa inafuata watu wanavyoiwazia kesho. Kesho isipojulikana, wengi huwaza mabaya. Wengine wana hoja. Wengine wanauza kwa sababu tu wamemwona mwenzao anauza."

"Zitapanda tena?"

"Sijui."

Jibu hilo lilimtisha Sunkesari kuliko yote. "Kaka Tirtha anajua. Wifi anajua. Wewe uliyesoma hujui?"

"Hata wao hawajui, dada. Tirtha anasema hofu yake. Wifi yako anasema matumaini yake. Ukiwasikiliza wote wawili utauza asubuhi na kununua jioni." Rojina akapunguza sauti. "Mimi nakuuliza kitu kimoja. Fedha zenu ni za kazi gani, na zinatakiwa lini?"

"Za matofali. Kabla ya mvua."

"Hapo ndipo penye kosa. Siasa inaweza kutulia mwezi ujao, au baada ya miaka miwili. Mvua haingoji. Fedha yenye tarehe haikai kwenye hisa. Inayokaa huko ni ile unayoweza kuisahau miaka mingi, na hata hiyo usiiweke yote kwenye hisa za benki peke yake. Na mtu asikope ili anunue. Bei ikishuka sana, aliyekukopesha atauza hisa zako bila kukungoja."

"Nikiuza sasa nitapata hasara."

"Utapata. Itauma. Lakini utakuwa unajua umebaki na kiasi gani."

Sunkesari alirudi nyumbani bila kutoa akiba yake. Njiani miguu ilikuwa mizito. Aliogopa kusema.

Alisema wakati Purnakaji anakula. "Baba Reshma, tuuze hisa za kutosha msingi na ghorofa ya chini. Ghorofa nyingine tutajenga tukipata. Zitakazobaki zikae, tusizitegemee. Na hati ya kiwanja isitoke sandukuni."

"Chameli atatucheka."

"Atucheke tukiwa pakavu."

Purnakaji alitafuna tonge taratibu. Kisha alimtazama mama yake, na Sunkesari alijua anawaza nini. Karatasi ya hisa ilikuwa bado mbele ya Lakshmi, chini ya maua yaliyokauka. Sadaka haiondolewi. Purnakaji asingethubutu kuvunja mwiko huo, naye Sunkesari asingethubutu kumwomba.

Mama mkwe alikohoa, akajifuta mdomo.

"Mnanitazama nini? Mimi nilimpa Lakshmi karatasi," alisema. "Karatasi yake ipo palepale, hakuna aliyeigusa. Hizo hisa si mnasema zinakaa kwenye simu? Uzeni."

Purnakaji alicheka mpaka wali ukampalia. Sunkesari aligeuka ukutani, akafuta macho.

Siku iliyofuata waliuza kupitia kwa dalali wa hisa. Hasara ilikuwa kubwa. Thamani ya sehemu kubwa ya shamba lao la mpunga ilikuwa imekwenda, nao walijua haitarudi. Fedha zilipoingia waliziweka amana, wakamlipa mwashi malipo ya kwanza.

Wiki hiyohiyo majina ya benki yakageuka kijani. Vyama vilikuwa vimeanza kuzungumza. Chameli alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Wenye moyo wa kuku hamjambo? Mngengoja wiki moja tu."

Sunkesari hakulala vizuri siku hizo. Je, alikuwa amewaharibia? Purnakaji hakumlaumu, lakini alichonga mpaka usiku. Kisha mazungumzo ya vyama yakavunjika. Wekundu ulirudi, mkali kuliko mwanzo. Hapo Sunkesari alielewa maana ya lile neno la Rojina: "Sijui."

Matofali yalifika yakiwa bado na vumbi la tanuru. Msingi ukachimbwa, kuta zikapanda. Walifunika ghorofa ya chini kwa zege, wakaacha nondo zikichungulia juu kwa ajili ya siku nyingine.

Jioni moja Chameli alikuja, akakaa kwenye rundo la mchanga. Hakusema neno la mzaha. Waliomkopesha walikuwa wameuza hisa zake. Za kwanza na za pili, zote.

Sunkesari alimletea chai na mchele wa kupondwa, ule unaoliwa mkavu. "Kula, wifi," alisema. "Jumamosi Rojina anafundisha pale chamani. Tutakwenda wote."

"Utanicheka?"

"Mimi mwenye moyo wa kuku nitamcheka nani?"

Chameli akatabasamu kidogo, akala.

Mvua ya kwanza ilipiga mchana, kwa kishindo. Sunkesari alikimbilia kitanda cha mama mkwe kama alivyozoea, beseni mkononi. Alisimama hapo. Sakafu ilikuwa kavu. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na dirisha lao jipya, lenye tausi wawili, anatazama maji yakianguka nje. Alikuwa hakohoi.

Redio ikaanza taarifa ya habari. Serikali mpya nayo ilikuwa inayumba. Wabunge walikuwa wanahesabu nani yuko upande wa nani.

Hofu ile ilikuwa bado haijamwacha Sunkesari. Zile hisa chache zilizobaki huenda zingeshuka tena kesho, saa tano. Aliinua macho kutazama dari. Hakuna tone lililodondoka.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "hilo beseni unamshikia nani?"

Sunkesari akaliweka chini, akaenda kubandika chai.