Safu ya "Wengineo"

Asubuhi ile soko la samaki lilikuwa tulivu. Karani wa takwimu aliketi kando ya mizani, penseli imechongwa, fomu imebanwa ubaoni. Kaka yake mvuvi akatua ndoo mbili za papa wachanga kutoka ghubani, wote wafupi kuliko mkono wa mtu.

"Waandike kama kawaida, mdogo wangu. Wengineo."

"Kaka, mwaka wa tatu huu."

"Kwani papa wana vitambulisho?"

Karani akacheka, akaandika. Zingatia, msomaji: safu hiyo ni ya samaki wasiotambulika. Hawa walitambulika vizuri mno.

Kabla fomu haijajaa, akaingia mtaalamu kutoka wizarani. Alikuwa akitayarisha mpango wa taifa wa kuhifadhi papa. Kila ghuba wanamozaliana ingefungwa, nyavu zisitupwe humo. Akapekua fomu za nyuma.

"Papa wachanga hamna hata mmoja. Ghuba yenu naiondoa kwenye mpango."

Kaka akamkonyeza karani, dada yake, huku akizisukuma ndoo chini ya meza kwa mguu.

Mtaalamu akafungua sanduku, akatoa hadubini ndogo, akaweka kitu chini yake. "Kipande cha uti wa mgongo wa papa aliyeletwa hapa mwezi uliopita. Kila duara ni mwaka. Hebu hesabu, karani."

Karani akainama. Kumi. Ishirini. Thelathini na moja.

"Miaka yangu," alisema.

Alipokuwa akijifunza kutembea, kusoma, kushika penseli, samaki yule alikuwa majini. Na kipande kile kisichozidi kifuniko cha chupa kilikuwa kimeandika kila mwaka wake, bila kukosea hata mmoja.

"Papa wa aina hii huanza kuzaa akifika miaka kumi na tano," mtaalamu alisema.

Karani akainua uso. "Ghuba usiiondoe. Hao wengineo wote ni papa wachanga."

"Dada! Unanimaliza!"

"Lete jicho lako hapa kwanza, kaka."

Mvuvi akahesabu kwa midomo, polepole. Alipofika mwisho alivua kofia.

"Na hawa wa ndooni?"

"Hawajamaliza hata duara moja."

Ghuba iliingia kwenye mpango. Karani aliondolewa mezani kwa miezi sita, kwa sababu ya zile fomu. Kaka sasa huvua mbali, kwa nyavu za macho makubwa, na hulalamika kila siku. Ghubani hakanyagi.

Funzo

Ndugu zangu, mpango wa taifa huanzia kwenye meza iliyo kando ya mizani. Ukimfichia ndugu yako samaki kwenye fomu, unamwondolea kazi ya kesho. Papa kama yule huhitaji miaka kumi na tano kabla ya kuzaa. Fomu ya uongo hujazwa kwa nusu dakika.