Maswali ya Daktari Awiti

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwaka wa hamsini na tisa, stesheni ya Thika ilikuwa imejaa pomoni. Wafanyakazi wa mananasi walikuwa wamelipwa, wa mkonge walikuwa wamelipwa, na kila aliyelipwa alikuwa na kikapu, kuku au mtoto wa kupakia kwenye treni. Warigia alisimama kando ya mizigo, amevaa gauni la manjano lenye mkanda mweupe, sweta la samawati mabegani, na viatu vya kisigino vilivyomuuma tangu asubuhi ila hakuwa tayari kukubali. Alikuwa karani katika duka la mbao na mabati la Mhindi mmoja pale mjini. Sasa alikuwa anarudi kwao Ruiru, na hamu yake yote ilikuwa ni kupata kiti.

Ndipo mama mmoja karibu na tangi la maji akapiga ukelele na kuanguka. Mikono ikakakamaa, macho yakageuka meupe, povu likamtoka. Watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja, maana kila mmoja alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba ukimgusa mtu anayeanguka, ugonjwa unahamia kwako. Warigia hakurudi nyuma. Alipiga magoti kwenye vumbi, gauni la manjano na yote, akamlaza yule mama kwa ubavu na kumwekea sweta chini ya kichwa.

"Usimbane mikono," sauti ya mwanamume ikasema juu yake.

"Simbani. Namwacha amalize," Warigia akajibu bila kuinua macho. "Na wewe sogea, unamzibia hewa."

"Mimi ni daktari."

"Basi daktari, wafukuze hawa wanaotazama."

Mwanamume akacheka, akawafukuza kweli. Yule mama alipotulia na kuanza kupumua vizuri, Warigia akainua macho. Akaona suti ya kijivu, tai nyembamba, nywele zilizochanwa kwa njia upande mmoja, na macho yanayomtazama yeye badala ya mgonjwa. Jamani, kuna watu wanaojua kutazama.

"Naitwa Nicanor Awiti. Niko hospitali ya hapa mjini," akasema. "Umejifunza wapi kumshika hivi mtu wa kifafa?"

"Shuleni."

Ulikuwa uongo mtupu. Alijifunza nyumbani, kwa kaka yake Kagwe, aliyekuwa akianguka tangu udogoni, na siku moja akaangukia moto wa mama yao akaungua mkono mzima. Lakini Kagwe hakutajwa mbele ya wageni. Nyumba ikijulikana kuna mtu anayeanguka, binti wa nyumba hiyo anazeekea hapo, na mama yao Magdalene alikuwa ameapa kwamba Warigia hatazeekea pale.

"Sweta nitalifua mimi," Daktari Awiti akasema. "Nilirudishe wapi?"

Akamwambia. Treni ilipoondoka alikuwa amekosa kiti, amechafuka magoti, na anacheka peke yake.

Jumatatu simu ya duka ikalia.

"Nataka misumari," sauti ikasema.

"Ya inchi ngapi?"

"Kuna ya inchi ngapi?"

"Daktari, wewe unajenga nini?"

"Bado sijajua. Inategemea karani atakubali kutembea nami Jumapili au hatakubali."

Tajiri wake akainua kichwa kutoka kwenye hesabu zake. "Nani huyo?"

"Ni mteja," Warigia akasema. "Anauliza bei."

Mteja yule akauliza bei wiki nzima. Aliuliza bei ya mabati, ya bawaba, ya rangi ya chokaa, na hakununua hata kijiti. Jumapili wakatembea kando ya maporomoko ya Chania, sweta limerudi safi likinukia sabuni ya hospitali, na daktari akaongea mpaka koo likamkauka. Alitaka kuwa mpasuaji wa ubongo. Alitaka kufundisha chuoni na kuchunguza magonjwa ya kichwa maisha yake yote. Profesa wake wa Makerere alikuwa amemtafutia nafasi Edinburgh, huko Uskoti, na nafasi yenyewe ilitegemea utafiti aliokuwa akiufanya sasa Thika na Ruiru.

"Unafungua kichwa cha mtu, halafu unaona nini?" Warigia akauliza.

"Unaona kitu laini, cheupe chenye waridi, kinadunda polepole. Na hapo ndani, Warigia, ndipo alipo mtu mwenyewe. Nyimbo zake, hasira zake, jina la mama yake. Nilipokiona mara ya kwanza nilisahau kula siku hiyo."

"Na ukinifungua mimi utaona nini?"

"Misumari."

Akampiga kofi la begani, naye akaukamata ule mkono hakuuachilia mpaka darajani. Alikuwa amempenda, na yeye amempenda, na hilo lilikwisha kuamuliwa siku ile ile. Kilichobaki ni Kagwe. Kila Warigia alipotaka kumtaja, ulimi ulikuwa mzito. Akajiambia, wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi.

Kisha siku moja simu ikalia, na safari hii Nicanor hakufanya mzaha. "Jumapili nitakuja kwenu. Nina maswali kidogo ya kumuuliza mama."

Warigia akakaa chini. Maswali. Huko kwao, kabla binti hajachumbiwa, watu wa upande wa mwanamume hupeleleza ukoo: mna wachawi, mna wendawazimu, mna wanaoanguka? Hilo kila mtu alilijua. Akafika nyumbani anakimbia na viatu mkononi.

"Anakuja mwenyewe?" Magdalene akashangaa. "Hana wazee?"

"Wazee wake wako Nyanza, Mama."

"Maskini. Basi itabidi ajiulizie mwenyewe."

Nyumba ikafagiliwa, kuku akachinjwa, vikombe vya maua vikatolewa kabatini. Jumapili asubuhi Magdalene akamtazama mwanawe. Kagwe alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa viatu, mcheshi kupita dada yake.

"Wewe utakaa kule nyuma kwa mbuzi mpaka mgeni aende."

"Na nikianguka, Mama, nianguke kimya?"

Warigia alitazama ukutani. Kagwe akachukua shati lake akaenda.

Daktari alikuja na suti ya bluu na kopo la biskuti. Akala kuku, akasifu kuku, kisha akatoa karatasi na penseli. Magdalene alikaa wima kama yuko kanisani. Je, katika nyumba hii kuna mtu anayeanguka? Hakuna. Upande wa marehemu baba? Hakuna. Upande wako wewe, Mama, shangazi, mjomba, mtoto yeyote? Hakuna, mwanangu, sisi ni watu wazima kichwani, uliza popote. Nicanor akamgeukia Warigia akitabasamu, na Warigia naye akasema hakuna. Neno lilimtoka vizuri kabisa, na nyuma ya nyumba mbuzi wakalia.

"Mmenisaidia sana," daktari akasema akisimama. Alionekana anataka kuongeza kitu, akashika kofia, akaizungusha, akaaga akaenda.

"Amekupenda," Magdalene akasema, na machozi yalimlengalenga.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumatatu saa nne. Njambi, rafiki yake aliyeuza maziwa karibu na duka, aliingia akiwa na kitambaa kipya kichwani na siri iliyomjaa mashavuni.

"Warigia, nina mchumba. Daktari. Yule Mjaluo mwenye suti. Alikuja kwetu Witeithie wiki iliyopita, akauliza ukoo wote. Mama ameshanunua birika jipya."

"Daktari Awiti?"

"Unamjua? Ila kuna kitu sielewi. Mumbi wa Theta anasema hata kwao alifika. Tena kwao wana mabinti watatu."

Haiya. Warigia alisikia masikio yakimvuma. Simu ilipolia saa sita akainyanyua.

"Nataka misumari," Nicanor akasema, sauti imejaa furaha.

"Imekwisha."

"Ya aina zote?"

"Nenda Witeithie, wana birika jipya. Nenda Theta, kuna watatu, utachagua." Akakata. Ikalia tena, akakata tena. Tajiri akauliza kuna nini, akaambiwa ni mteja asiyelipa.

Saa nane daktari mwenyewe akaingia dukani, koti la hospitali bado liko mwilini, amelowa jasho. Ndani kulikuwa na mafundi waliokuja kununua saruji, nao wakaacha kununua ili wasikilize.

"Warigia, nimekosa nini?"

"Umekwenda nyumba ngapi kuuliza ukoo?"

"Nyingi. Kuanzia hapa mpaka Ruiru. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kuchumbia wilaya nzima?"

Ndipo Nicanor akaelewa, na aibu ikampanda taratibu mpaka kwenye masikio. "Kwetu anayeuliza mambo hayo ni mshenga, tena kwa siri," akasema. "Mchumba mwenyewe haulizi hata kidogo. Sikuwaza. Wallahi sikuwaza. Mimi nilikuwa nahesabu kifafa, Warigia. Huo ndio utafiti."

Fundi mmoja akacheka kwa pua. Warigia naye alitaka kucheka, akajizuia.

"Na kwetu je? Ulikuja kuhesabu?"

"Kwenu nilikuja na maswali mawili. La utafiti nikaliuliza, maana lile nalijua. La pili likanikwama." Akasogea mpaka kwenye kaunta. "Ijumaa profesa anakuja kupokea kazi yangu. Ni habari ya ajabu, mpenzi. Nyumba zote nilizoingia, hakuna hata moja yenye mtu wa kifafa. Hospitalini wanaletwa, lakini nyumbani kwao hawapo. Nitakwenda kuisoma Uskoti mbele ya wataalamu. Na nataka niende nikiwa nimekuchumbia. Utakubali?"

Ndiyo ilikuwa tayari mdomoni. Wote pale dukani waliiona. Angeitoa tu, na wiki ijayo angekuwa na pete, na mama yake angelala usingizi. Lakini huyu mtu alikuwa anakwenda kusimama mbele ya watu wazima na kuwasomea uongo wa Magdalene, na wa mama yake Njambi, na wa akina mama wote waliomtaka daktari awe mkwe. Angejenga kazi yake yote juu ya uongo huo. Na Kagwe angebaki kwa mbuzi.

"Nicanor," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya watu. "Wamekudanganya. Wote. Umekuja umevaa vizuri, huna mke, unauliza ukoo. Nani atakuambia kwao kuna mtu anayeanguka?"

"Haiwezekani nyumba zote."

"Nina kaka. Anaitwa Kagwe. Anaanguka tangu mdogo, na jana ulipokula kuku wetu alikuwa nyuma ya ukuta, tumemficha. Na mimi nilikutazama machoni nikasema hakuna."

Daktari akakaa juu ya mfuko wa saruji. Kisha akasimama, akatoka, na vumbi jeupe la saruji liko nyuma ya koti lake. Mafundi wakalipa wakaondoka. Warigia akamaliza kazi ya siku ile, na alipofika nyumbani akamwambia mama yake ukweli, na mama yake akageukia ukuta hakula.

Wiki nzima simu haikulia. Ijumaa ikapita. Warigia alilia, tena alilia kwa sauti, hakuona haya. Kagwe ndiye aliyemletea chai.

"Ulimtajia jina langu?" akamuuliza.

"Nilimtajia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya duka zima."

Kagwe akampangusa machozi kwa ule mkono wenye kovu.

Jumapili baada ya ibada, mlango ukabishwa. Alikuwa Nicanor, suti ya kijivu, na mbele yake mama mnene mwenye gauni la zambarau na mkoba mkubwa, aliyeingia kama mwenye nyumba.

"Mimi ni Selpha, shangazi yake. Mume wangu anafanya kazi ya reli Thika," akasema akikaa. "Huyu daktari tumemkataza kuuliza maswali. Leo nauliza mimi."

Nicanor akamtazama Warigia. "Nilimwambia profesa kazi yote ni bure," akasema. "Edinburgh wameisogeza nafasi yangu mpaka mwakani. Nina mwaka mzima wa kuanza upya."

"Umenikasirikia?"

"Siku mbili. Halafu nikajikasirikia mimi, nikaona hilo litachukua muda zaidi." Akatabasamu kidogo. "Nitahitaji mtu wa kwenda nami. Mwanamume mwenye mke hafichwi kitu. Hakuna mama anayemtaka awe mkwe."

"Kwa hiyo unanioa kwa ajili ya utafiti."

"Nakuoa kwa sababu mtu aliyekuwa na ndiyo mdomoni akaimeza ili nisipotee, sitampata mwingine. Utafiti ni faida tu."

"Nyamaza, umekatazwa kuongea," Selpha akasema. Kisha akamgeukia Magdalene, aliyekuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mama, ukoo wenu siuulizi. Nauliza mambo mawili. La kwanza, binti anamtaka kijana wetu?"

"Namtaka," Warigia akasema kabla mama yake hajapumua.

"La pili. Tumesikia nyumba hii ina mtoto wa kiume. Mbona hatumwoni mezani?"

Magdalene aliinuka taratibu, akapita katikati yao, akafungua mlango wa nyuma wazi kabisa mpaka mwanga ukaingia hadi chini ya meza.

"Kagwe," akaita, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. "Kagwe, njoo umsalimie shemeji yako."