Viatu vya Mshauri wa Rais

Kila asubuhi kazi za taifa zilianza kwa brashi. Baba alikuwa mshauri wa Rais katika mambo ya uchumi, na viatu vyake viling'arishwa na binti yake, ambaye nyumbani aliitwa Spika kwa sababu zisizohitaji maelezo.

Asubuhi hiyo brashi haikuguswa. Spika alikuwa mezani karibu na shangazi yake, amenuna mbele ya viazi vya kuchemsha. Wiki nzima vilikuwa vya kuchemsha. Rais alikuwa ameagiza bei ya mafuta ya kupikia ipunguzwe nusu. Watu wakashangilia, na mafuta yakatoweka madukani.

"Jana mimi na Shangazi tulipanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi," alisema. "Tukaambulia kusukumwa. Mwenye duka anasema akiuza kwa bei hiyo anapata hasara, kwa hiyo hauzi. Baba, hukulijua hilo?"

"Nililijua."

"Ukamwambia Rais?"

Baba alikoroga chai iliyokwisha kukorogeka. "Mle ndani Rais husema kwanza. Kisha sisi washauri hukubali, mmoja mmoja. Ndiyo desturi."

"Yaani mnalipwa kwa kutikisa vichwa? Mjusi anafanya hivyo bure."

Shangazi alicheka, kisha akakumbuka kuwa naye amekasirika. "Mtoto hana adabu, kaka. Lakini hajakosea."

"Nikimpinga nitafukuzwa!" Baba alifoka. "Mtakula nini?"

"Viazi vya kuchemsha," alisema Spika. "Na viatu vyako vipige brashi mwenyewe."

Baba aliondoka na vumbi lake, akabamiza mlango.

Alirudi jioni, shati limelowa jasho. "Nimemwambia agizo lake ndilo lililoficha mafuta. Apunguze ushuru bandarini, bei itashuka bila kumuumiza mwenye duka. Akagonga meza."

"Umefukuzwa?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Spika ilikuwa ndogo.

"Aliuliza nani mwingine alijua. Washauri wote wakainua mikono. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Agizo limefutwa, ushuru unapunguzwa, na kuanzia kesho yeye atasema mwisho."

Siku mafuta yaliporudi madukani, Spika aliichukua tena brashi. Baba akaketi karibu naye.

"Kiongozi hawezi kufika kila duka, mwanangu. Sisi ndio macho yake. Tukimwambia anachopenda kusikia tu, tunamfumba macho, na wanaoumia ni wale walio kwenye foleni. Hasira yako niliistahili." Akakohoa. "Lakini lile la mjusi utaomba radhi."

Spika aliinamisha kichwa kwa heshima zote.

"Nisamehe, Baba. Mjusi hakustahili."