Kibali cha Theodosia

Kila jioni Mwalimu Theodosia alirudi nyumbani kutoka shuleni. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chaki. Nyumbani kwao ni Rungwe Mpya, Wilaya ya Kasulu. Aliishi na mama yake, Mpawenimana, na mdogo wake wa kike, Ininahazwe. Baba yao alikuwa amefariki.

Ininahazwe alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa kiziwi. Alipokuwa mdogo aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini hakusikia tena. Maneno machache aliyoyajua yakapotea.

Alikuwa mchapakazi. Alichambua maharage, alimenya muhogo, alichota maji. Kisimani wasichana wenzake walipiga soga. Yeye alitazama midomo yao. Wakicheka, naye alicheka. Hakujua wanacheka nini. Siku nyingine walikuwa wanamcheka yeye.

Hakupelekwa shule. Watu walimwambia mama yake, "Hasikii. Atakaa darasani afanye nini?"

Jambo hili lilimuuma sana Theodosia. Kazini alifundisha watoto sitini kusoma. Nyumbani alishindwa kumfundisha mtoto mmoja. Alijua ishara chache tu za mkono: kula, njoo, lala, maji. Zaidi ya hapo, dada hawa wawili walikaa kimya, kila mmoja peke yake.

Siku moja, mwaka 1991, Padri Melkiadi wa parokia yao alimwita.

"Mwalimu," alisema, "Zambia kuna chuo kinachofundisha walimu wa viziwi. Masomo ni miaka miwili. Parokia iko tayari kukulipia. Unataka?"

"Nataka, Padri," Theodosia alijibu. Hakufikiri mara mbili.

Aliandika maombi. Baada ya miezi minne barua ilifika posta ya Kasulu. Chuo kilikuwa kimempokea. Masomo yangeanza Januari. Mwisho wa barua paliandikwa hivi: wanafunzi wa kigeni wawe na kibali cha kusoma. Theodosia aliyasoma maneno hayo haraka. Alidhani kibali ni barua hiyohiyo aliyoishika.

Siku ya soko alipita dukani kwa Hilali, mjini Kasulu. Hilali aliuza vitenge. Mara kwa mara alisafiri kwa meli kwenda Mpulungu, bandari ya Zambia.

"Zambia?" Hilali alisema. "Mbona rahisi, dada! Kigoma utapewa hati ya dharura ya kusafiria. Panda meli. Ukifika, waambie unakwenda kutembea. Watakugongea muhuri."

"Lakini mimi nakwenda kusoma."

"Usitaje kusoma, watakuuliza mengi. Mimi naingia hivyo kila safari."

Hilali hakuwa mtu mbaya. Alisema alilolijua. Lakini safari yake ilikuwa ya siku tatu, na safari ya Theodosia ilikuwa ya miaka miwili.

Januari Theodosia aliondoka. Shuleni aliaga kwa mdomo tu. Meli ilikaa ziwani siku mbili. Ijumaa asubuhi ikafika Mpulungu.

Ofisa wa uhamiaji alikuwa mtu mpole. Alijua Kiswahili cha ziwani.

"Unakwenda kufanya nini Zambia?"

"Kutembea."

"Kwa nani?"

Theodosia alivuta begi lake karibu. Hakuwa na ndugu Zambia. Ofisa aliomba kuona begi lake. Ndani alikuta madaftari kumi, vyeti vya shule na barua ya chuo. Aliisoma barua mpaka mwisho.

"Dada," alisema, "barua inasema wewe ni mwanafunzi. Mdomo wako unasema wewe ni mtembezi. Nisadiki kipi?"

"Samahani. Mimi ni mwanafunzi."

"Kibali cha kusoma kiko wapi?"

"Ni hiyo barua."

"Hii siyo. Siwezi kukuruhusu. Rudi nyumbani, ufuate utaratibu, kisha uje. Tutakupokea."

Jioni ile meli ilirudi Kigoma. Theodosia alikaa chini, ameegemea mzigo wa mtu. Watu walizungumza, walikula, walicheza karata. Hakuna aliyemfahamu. Hakuzungumza na mtu kwa siku mbili.

Rungwe Mpya habari zilienea upesi. "Zambia imemrudisha," watu walisema. Wengine walimhurumia, wengine walicheka. Theodosia aliacha kwenda kisimani. Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani, na aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Shuleni aliogopa kwenda. Mama yake alimwambia, "Kula, mwanangu." Hakula. Ininahazwe alikuja, akaketi karibu naye ukutani. Alimtazama usoni kwa muda mrefu. Hakuwa na ishara ya kumuuliza.

Wiki ya pili ilikuja barua kutoka ofisi ya elimu, Kasulu. Mwalimu Theodosia aeleze kwa nini hakuwa kazini.

"Sasa na kazi inapotea," alimwambia mama yake.

"Nenda ukaseme kweli," mama alisema. "Uongo umekufikisha wapi?"

Katika ofisi ile alimkuta mpiga chapa, Bi Mwanaamina. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Bagamoyo. Mume wake alikuja Kasulu kikazi, akafia hapo. Yeye akabaki, akapanga chumba nyuma ya soko. Ndugu zake wote walikuwa pwani.

"Bwana Ofisa wa Elimu yuko ziarani Kibondo," alisema. "Kaa kitako, mwanangu. Mbona macho yamevimba?"

Theodosia hakutarajia swali hilo. Alianza kulia. Kisha alieleza yote: mdogo wake, barua, Hilali, meli. Bi Mwanaamina aliacha kupiga chapa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile barua ya chuo unayo?"

"Ninayo."

Bi Mwanaamina alivaa miwani, akaisoma.

"Mwanangu, hapa pana ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya chuo. Chuo kinasema, nafasi yako ipo. Ya pili ni ya nchi. Nchi inasema, ingia, kaa, usome. Wewe umepata ya kwanza tu. Ya pili ndiyo kibali."

"Umejuaje haya, Bibi?"

"Mwanangu Nurudini alisoma Sudani. Karatasi zake nilizishughulikia mimi. Kila nchi ina utaratibu wake, kwa hiyo usimuulize mfanyabiashara. Kiulize chuo chenyewe, au ubalozi wa nchi hiyo."

"Lakini nimeshachelewa. Na nimeshakosa."

"Mwaka huu umechelewa. Mwakani hujachelewa. Tuandike barua sasa hivi."

Aliweka karatasi kwenye mashine. Barua ya kwanza ilikwenda chuoni. Theodosia aliomba nafasi yake itunzwe mpaka mwaka ujao, na aliomba fomu za kibali. Barua ya pili ilikuwa ya Bwana Ofisa. Ndani yake Theodosia aliomba radhi kwa kutoroka kazini, kisha akaomba ruhusa ya masomo.

"Mtumishi haondoki bila ruhusa ya mwajiri," Bi Mwanaamina alisema. "Ukiipata, utarudi ukute kazi yako."

Ofisa aliporudi alimwonya Theodosia vikali. Halafu alisoma barua mara ya pili. "Mwalimu wa viziwi," alisema polepole. "Wilaya nzima hatuna hata mmoja." Akatia saini.

Kazi ya pasipoti ilikuwa ndefu. Theodosia alizaliwa nyumbani, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mama yake alikwenda naye mahakamani Kasulu, akaapa mbele ya hakimu kwamba huyu ni mtoto wake, na akataja mwaka aliozaliwa. Wazazi wa Theodosia walitoka Burundi zamani, kwa hiyo walitafuta pia hati ya uraia ya baba yake. Mama aliitoa chini kabisa ya sanduku, imefungwa ndani ya kanga. Mtendaji wa kijiji aliandika barua ya utambulisho. Theodosia alipiga picha, akazipeleka karatasi zote ofisi ya uhamiaji, Kigoma. Miezi mitatu ilipita kabla ya pasipoti kufika.

Wakati huo fomu za kibali zilikuwa zimekuja kutoka chuoni. Jumamosi moja alikwenda nazo chumbani kwa Bi Mwanaamina. Walijaza pamoja.

"Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Herufi kwa herufi. Hapa wanataka kujua nani atalipa karo."

"Parokia."

"Basi Padri Melkiadi aandike barua, aigonge muhuri. Hapa wanataka cheti cha daktari. Nenda hospitali upimwe kifua. Vyeti vyako vya shule usivitume. Tuma nakala zilizogongwa muhuri. Vyeti halisi vikae nawe."

Theodosia aligeuza ukurasa. Mkono wake ukasimama.

"Bibi, wanauliza kama niliwahi kukataliwa kuingia."

"Ndiyo."

"Nikiandika ndiyo, watanikataa tena. Nikiandika hapana, nani atajua?"

Bi Mwanaamina alivua miwani.

"Jina lako liko kwenye daftari la Mpulungu, mwanangu. Ukisema uongo wakakuta kweli, mlango utafungwa moja kwa moja. Andika ndiyo. Kisha eleza kwa nini."

Theodosia aliandika hivi: "Januari 1992 nilifika Mpulungu bila kibali. Nilisema nakwenda kutembea. Haikuwa kweli. Sikujua utaratibu. Nimeujua sasa."

Walitengeneza nakala ya kila karatasi. Bahasha ilikwenda chuoni kwa rejista, na chuo kikapeleka maombi kwenye idara ya uhamiaji ya Zambia.

Kusubiri kulikuwa kugumu. Kila siku ya soko Theodosia alikwenda posta. Kila siku ya soko karani alitikisa kichwa. Watu waliacha kumuuliza. Mvua zilianza, maharage yakapandwa. Jioni alipika, akala na mama yake na mdogo wake, watu watatu kimya. Mara mbili alitaka kwenda tu, abahatishe.

"Usiondoke mpaka kibali kiwe mkononi," Bi Mwanaamina alimwambia. "Unasubiri peke yako? Njoo tusubiri wote. Mimi nami nasubiri barua za mwanangu." Basi siku za soko walikunywa chai pamoja. Siku nyingine hawakuzungumza sana.

Desemba, Theodosia akiwa bado mlangoni, karani wa posta alimwita kwa mkono. Kibali kilikuwa kimetoka.

Asubuhi ya safari mama yake alilia. Theodosia alimshika Ininahazwe mabegani. Alionyesha begi. Alionyesha barabara. Alipunga mkono mbali, mbali. Alinyoosha vidole viwili kwa ajili ya miaka miwili. Ininahazwe alitazama vile vidole viwili. Hakuelewa.

Mpulungu ofisa mwingine alisoma kibali, akagonga muhuri. "Karibu, mwanafunzi," alisema.

Maisha ya chuoni yalikuwa ya upweke. Mwezi wa sita baridi iliingia mpaka mifupani. Hakuna aliyejua Kiha, lugha ya kwao, na Kiswahili walikijua wachache. Miezi ya kwanza Theodosia alikaa mezani na wanafunzi viziwi waliosomea ualimu hapo. Mikono yao ilikwenda mbio. Walicheka. Yeye alitazama mikono, hakuelewa kitu, akacheka nao. Ndipo alipomkumbuka Ininahazwe kisimani. Usiku huo hakulala mapema. Alifanya mazoezi ya ishara mbele ya dirisha.

Kila mwaka, kabla kibali hakijaisha, alikwenda ofisi ya uhamiaji kukiongezea muda. Hakusahau hata mara moja.

Mwanzoni mwa mwaka 1995 alirudi Kasulu na cheti. Mji ulikuwa umejaa magari ya misaada na wakimbizi. Kazi yake ilikuwepo. Ofisi ya elimu ilimpa chumba kimoja cha darasa. Wazazi walianza kuleta watoto waliowaficha nyumbani kwa miaka. Walifika wanane. Wa tisa alikuwa Ininahazwe, msichana wa miaka kumi na saba, mrefu kuliko wote. Aliketi dawati la mbele. Alishika ishara upesi, kama mtu mwenye kiu.

Mwezi wa kumi, jioni moja baada ya masomo, Ininahazwe alibaki darasani. Alianza kusema kwa mikono, taratibu.

"Ulipoondoka, nilijua umekufa."

Theodosia alishtuka. "Nani alikuambia?"

"Hakuna. Hakuna aliyeniambia kitu. Baba alibebwa, mama akalia, baba hakurudi. Wewe ulibeba begi, mama akalia, hukurudi. Baadaye picha yako ilikuja. Mama akaitundika karibu na picha ya baba. Nikajua. Nilikwenda makaburini kutafuta kaburi lako. Nilikwenda mara nyingi."

Theodosia alimkumbatia mdogo wake. Kisha alichukua chaki. Alichora ziwa, meli na chuo. Alimweleza yote, tangu ofisa wa kwanza mpaka siku ya kurudi. Ininahazwe aliuliza maswali mengi. Walifunga darasa giza likiingia.

Wiki iliyofuata Theodosia alitakiwa kwenda Kibondo. Huko Busunzu kulikuwa na watoto wawili viziwi, na wazazi wao waliomba mwalimu afike. Asubuhi alifunga begi lake. Ininahazwe aliliona, akasimama mlangoni.

Theodosia aliweka begi chini ili mikono iwe huru.

"Nakwenda Kibondo," alisema. "Nitalala siku mbili. Alhamisi narudi."

Ininahazwe alimtazama. Kisha akajibu kwa mikono yake.

"Nenda. Alhamisi nitapika maharage. Usichelewe."