Aliyetangulia Kwenye Chumba cha Mashine

Haya yalimpata jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu ambaye hata akikohoa namsikia. Mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele hakuna pa kuchekea.

Ni fundi wa kompyuta. Kazini wanamwita Jicho. Mashine za ofisini kwao huandika mstari kwa kila kinachotokea: nani kaingia, nani katoka, mlango upi. Mistari haina mwisho, nani ataisoma yote? Kazi ya Jicho ni kutunga kanuni, kompyuta iiunganishe mistari hiyo yenyewe na kushtuka ikiona jambo lisilo la kawaida.

Mchana ule alikuwa anamalizia kanuni ya chumba cha mashine. Wezi walikuwa wakiingia mgongoni mwa wenye kadi. Basi akaandika: wakiingia wawili kwa kufuatana, mlango umfungie wa pili ndani mpaka wa kwanza atoke. Mahali pa jina alipaswa kudai herufi. Akaweka alama ya kukubali chochote. Haraka tu, jamani! Shule ilikuwa inakaribia kufunga, mkewe yuko safarini, na binti yao mdogo hakuwa na mwingine wa kumfuata.

"Najaribu mara moja, naondoka," alimwambia mlinzi wa mlangoni.

"Wahi, bosi. Mtoto asije akalia."

Akapiga kadi, akaingia. Alipotaka kutoka, kadi ikakataliwa.

Alicheka kwanza. Akaenda kwenye skrini ya mle ndani. Jina lake lilikuwepo. Juu yake palikuwa na mstari mwingine: ameingia. Nafasi ya jina, tupu.

Hapo akaelewa. Ile alama yake ilikubali chochote, hata utupu. Kwa hiyo yeye alikuwa wa pili. Wa kwanza yumo humu humu, hana jina, na mlango unamsubiri huyo atoke.

"Nani yupo?" alinong'ona.

Feni zikanguruma. Alichungulia nyuma ya kila kabati. Hakuna mtu. Akaifuta kanuni. Mlango haukujali, ulishaanza kusubiri. Chumba kilikuwa baridi, naye jasho linamtiririka.

Akarudi kwenye skrini. Ile nafasi tupu ilikuwa inajaa. Herufi moja. Nyingine. Jina lake.

Na kwenye mstari wake yeye, herufi zilikuwa zinafutika.

Kitu kikampita begani. Mlango ukafunguka. Akakimbia. Ukafungwa usoni pake. Skrini ikaandika kwamba Jicho ametoka.

Akapiga kadi yake. Mashine ikasoma utupu.

Akampigia mlinzi simu. "Nifungulie, ndugu yangu, nakufa humu!"

"Bosi, acha utani," mlinzi alinong'ona. "Umepita hapa sasa hivi. Umenipungia mkono. Wewe ni nani?"

Simu ikakatika. Akampigia tena na tena, hakupokea; mwishowe akapiga shuleni.

"Baba, si umeshamchukua?" mwalimu alishangaa. "Mmetoka mmeshikana mikono."

Alilia kama mtoto. Aliupiga mlango ngumi mpaka vidole vikachubuka, mpaka mlinzi akasikia na kuja na mtaimbo, akaubomoa.

Mimi nilikuwa barazani alipofika mbio, shati limechanika. Nywele zilinisimama, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeshamsalimia akiingia na mtoto, naye akaniitikia vizuri tu.

Tukausukuma mlango wa kwake. Mtoto alikuwa ameketi peke yake, na sare zake za shule, mzima kabisa. Akamtazama baba yake, akarudi nyuma.

"Baba yuko chumbani," alisema kwa sauti ndogo. "Kasema ukija nisikufungulie."

Chumbani hatukukuta mtu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Mtoto anacheza, anakula, anasoma. Ila mkono wake wa kulia, ule ulioshikwa siku ile, ukiugusa ni wa baridi, hata siku akiwa na homa.