Sala ya Macho Wazi

Kila Jumamosi asubuhi, Waithera huwa masikio ya mama yake. Si kwamba mama hajiwezi. Mama ni fundi wa nguo anayejulikana vizuri katika soko la Gikomba, na suruali ya mitumba ikipita mikononi mwake hutoka kana kwamba ilishonewa mvaaji mwenyewe. Ila hasikii. Ugonjwa ulimnyang'anya masikio akiwa bado mtoto mchanga. Kwa hiyo mkokoteni ukija nyuma yake na msukumaji akipiga kelele, "Njia! Njia!" ni lazima mtu amvute kando. Mtu huyo ni Waithera, msichana mwembamba wa Gredi ya Saba, mwenye mikono isiyojua kutulia.

"Mwambie akate hapa, lakini asiguse mfuko," mteja mmoja alisema Jumamosi hiyo.

Waithera aliyageuza maneno hayo kuwa ishara, mama akajibu kwa ishara, naye akalirudisha jibu kwa sauti. "Anasema ukikata hapo itakubana magotini. Anasema vaa kwanza, aone."

Mteja akavaa, mama akaikunja hapo kwa pini, naye akaona kweli inabana, akacheka. Waithera alianza kuongea kwa ishara kabla hajaweza kutamka jina lake mwenyewe, na ungemwambia ana kipaji angekushangaa. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya nyumbani tu, kama kuosha vyombo.

Mchana wakaja wageni wawili kibandani, mume na mke, mtoto mchanga akiwa mgongoni kwa mama yake. Mume aliitwa Ngigi, seremala wa vitanda hapohapo Gikomba. Mke aliitwa Lorraine, naye alimsaidia mumewe kupiga msasa. Wote wawili walikuwa viziwi, na mama Waithera aliwajua tangu zamani.

"Tunataka kumweka huyu mtoto wetu Irungu wakfu kanisani," Lorraine alisema kwa mikono yenye haraka. "Mtoto wetu wa kwanza tulimpeleka kanisa jingine. Mchungaji akauliza maswali, nyanya yake akajibu kwa niaba yetu, watu wakapiga makofi, tukarudi kukaa. Mpaka leo sijui tuliahidi nini."

"Njooni kanisani kwetu, mtaa wa Huruma," mama akajibu bila hata kumtazama binti yake. "Waithera atawatafsiria."

Waithera alifungua mdomo, akaufunga. Mtoto mwenye adabu hambishii mama yake mbele ya wageni, lakini moyoni alikuwa amekwisha kukataa.

Jioni mama alimpeleka kwa Mchungaji Simiyu. Kanisa lao lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na rangi, na mchungaji alikuwa akipanga viti vya plastiki. Aliposikia habari hiyo alikiweka chini kiti alichokishika, uso ukang'aa.

"Nimemwomba Mungu atuletee mkalimani wa ishara kwa muda mrefu sana," alisema. "Kumbe amekaa safu ya tatu!"

"Mchungaji, tafadhali tafuta mtu mwingine," Waithera alisema. "Mimi najua ishara za suruali. Za Mungu sizijui. Neema nitaionyesha vipi? Wokovu je? Na tena mimi ni mtoto. Juzi tu mwalimu wa shule ya Jumapili alinitoa nje kwa sababu ya kucheka."

"Hata mimi nilikuona ukitolewa," mchungaji alisema, akijizuia kucheka. "Aliyesomea kazi hiyo nimemtafuta, sijampata. Sasa niambie. Wazazi hawa wasimame mbele yangu Jumapili ya wiki ijayo, niwaulize swali kubwa kuliko yote kuhusu mtoto wao, nao wasijue nimeuliza nini?"

Akilini Waithera alimwona Lorraine akirudi kukaa bila kujua aliahidi nini, na jambo hilo likamchoma.

"Kesho waje tu watuzoee," mchungaji aliendelea. "Nawe ujaribu."

"Nitajaribu. Lakini ikiharibika, msinilaumu."

Kwenye ngazi alikutana na rafiki yake Shiro, aliyekuwa amesikia kila kitu, maana Shiro hapitwi na jambo.

"Kwani unaogopa nini? Si unapiga stori na mathe wako kila siku?"

"Hiyo ni stori," Waithera akajibu. "Hii ni Mungu."

Jumapili ikafika. Waithera alisimama mbele, dirisha likiwa nyuma yake. Mchungaji alipoanza tu kuhubiri, Lorraine akampungia mkono kwa nguvu. "Sogea! Mwanga uko nyuma yako, uso wako sioni!" Watu wote wakageuka kutazama. Waithera alisogea hadi ukutani, akaanza upya.

Polepole mikono yake ilipata njia. Neno "neema" lilipokuja alikwama kidogo, kisha akaonyesha mtu akipewa kitu kizuri asichokilipia. Ngigi akatikisa kichwa kukubali, ameelewa. Nyuma kabisa Shiro alikuwa akimtazama mdomo wazi. Ungekuwepo ungempenda mtoto yule, alivyokaza uso, jasho likimtoka puani, asiache neno lianguke chini.

Kisha Mchungaji Simiyu akasema, "Tuinamishe vichwa, tufumbe macho, tuombe."

Waithera akafanya alivyofundishwa tangu chekechea. Akakutanisha viganja vyake, akafumba macho.

Sala ilikuwa ndefu. Mchungaji aliombea mikono ya Ngigi na kazi yake. Alimwombea Lorraine nguvu na furaha ya kulea. Alimtaja mtoto Irungu kwa jina, akamwombea mambo mazuri ambayo mama yeyote angetaka kuyajua. Waithera hakuyashika hata nusu, kwa sababu alikuwa akimshukuru Mungu kwamba shughuli imekwisha. Kanisa likaitikia, "Amina!"

Alipofumbua macho, alimkuta Lorraine akimkodolea macho.

"Nimeona midomo ya mchungaji ikilitaja jina la mtoto wangu," Lorraine alisema. "Amesema nini?"

Waithera alijaribu kukumbuka. Mikono ikapanda, ikabaki hewani, ikashuka. Lorraine akamfunga mtoto vizuri mgongoni. Ngigi akachukua mfuko wa nepi, wakashuka ngazi kabla ya wimbo wa mwisho.

Nyumbani, Waithera alilia hadi kwikwi zikamshika. "Nilisema siwezi!" alimwambia mama yake. "Mungu angechagua mtu anayeweza. Jumapili ijayo sisimami. Nyanya yao aje ajibu."

Mama alikuwa akikatakata sukuma wiki. Akaweka kisu chini, maana hawezi kukata mboga na kuongea kwa wakati mmoja, akapangusa mikono kwenye leso.

"Nilipokuwa mdogo," alisema, "wakati ule wa kufumba macho nilidhani watu hulala kidogo. Nikawa nafumbua jicho langu moja kuangalia kama wameamka. Shangazi yangu alinifinya hapa, mkononi. Baadaye nikajua kwamba wanaomba. Wanaomba nini, sijawahi kujua."

"Hujawahi kabisa?"

"Nyimbo wewe hunionyesha. Mahubiri hunionyesha kidogo kidogo, mikono yako ikiwa mapajani. Sala, hapana."

Waithera aliacha kulia. Aliziona Jumapili zote za maisha yake, yeye amekaa kando ya mama, viganja vimekutana, macho yamefumbwa, na mama peke yake katikati ya watu. Aliona haya sana.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea na Mungu," mama akajibu. "Nani humkatiza mtu akiongea na Mungu?"

Waithera alimkumbatia mama yake kwa nguvu. Kisha akajitenga kidogo ili apate nafasi ya mikono, kwa kuwa lilikuwepo jambo bado linamsumbua. "Lakini mikono yangu ikiwa inatafsiri na macho yangu yakiwa wazi, mimi mwenyewe nitaomba saa ngapi?"

Mama alicheka kwa ile sauti yake ya kifuani. "Mikono yako ikisema maneno ya sala, unadhani itakuwa inafanya nini?"

Jumatatu, baada ya masomo, Waithera alienda Gikomba na sare yake ya shule mpaka kwenye banda la Ngigi. Lorraine alikuwa akipiga msasa kichwa cha kitanda. Alipomwona hakutabasamu.

"Nilifumba macho," Waithera alisema. "Kanisa halikuwasahau. Mimi ndiye niliyewasahau. Naomba mnisamehe, na mrudi Jumapili."

Lorraine alijipangusa vumbi la mbao. "Utafumba tena?"

Angeweza kuapa kwamba hatafumba. "Sijui," alisema ukweli. "Ni mazoea. Nikisikia 'tuombe,' mikono inakutana yenyewe."

Lorraine akamtazama, kisha akaangua kicheko hadi Ngigi akaacha nyundo kuja kuuliza kuna nini. "Basi tutaifundisha," alisema.

Wiki nzima, kila jioni kabla ya giza, wakawa na shule yao bandani. Lorraine na Ngigi walimwonyesha ishara walizojifunza katika shule ya viziwi: neema, baraka, wakfu, ahadi. Kisha Waithera aliomba, sala yake mwenyewe, macho wazi, kwa ishara na kwa sauti. Viganja vikianza kusogeleana, Lorraine alivigonga kwa kipande cha msasa. Mwanzoni aligongwa sana. Maseremala wa banda la jirani walidhani ni mchezo fulani, wakawa wanamshangilia.

Msidhani hofu iliisha. Jumapili ile Waithera aliamka, akashindwa kunywa chai. Alisimama ukutani, mahali penye mwanga mzuri, na bado sauti moja ndani yake ilikuwa ikimwambia, wewe ni nani? Aliiacha ikaendelea kusema, akainua mikono.

"Ngigi na Lorraine," Mchungaji Simiyu aliuliza, "mnaahidi kumlea Irungu katika njia ya Bwana, kumfundisha kuomba, na kumpenda hata atakapowakosea?"

Waithera akatafsiri, neno kwa neno. Lorraine alimpa mumewe mtoto, kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili. Nyanya yake Irungu, aliyekuwa safu ya mbele, alikwisha kufungua mdomo ajibu kwa mazoea. Akaufunga.

Lorraine akajibu, na Waithera akawa sauti yake.

"Mimi, mama yake, naahidi. Nitamfundisha kuomba kwa mikono hii. Nami nina ombi kwenu. Kuna siku atalia nami nimegeuka upande mwingine, sitamwona. Nyinyi mnaosikia, niahidini kwamba mtakuja kunishika bega."

Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Tunaahidi," na nyingine, hadi wote wakawa wanasema, na nyanya akawa anafuta machozi. Waithera aliichukua ahadi yao akampa Lorraine kwa ishara. Hapo Ngigi naye akaahidi, mtoto akiwa amelazwa kwenye mkono mmoja, ahadi ikitolewa kwa mkono ule mwingine.

"Tuombe," akasema mchungaji.

Vichwa vyote vikainama. Waithera alihisi viganja vyake vikisogeleana, akavitenganisha. Mbele yake alikuwa na kanisa zima lililofumba macho, Shiro na wazee na watoto, na katikati yao watu watatu wenye macho wazi yanayomtazama yeye. Mikono yake ikaanza kuomba. Iliomba baraka juu ya nyundo ya Ngigi. Iliomba furaha kwa Lorraine. Iliandika jina la Irungu hewani, herufi kwa herufi, ikamwombea maisha marefu. Lorraine alitokwa na machozi asiyafute, maana angeyafuta angekosa neno. Na pale safu ya tatu, mama Waithera alikuwa ameketi wima, akiipokea sala yote. Waithera hakuwahi kumhisi Mungu karibu namna ile.

"Amina," kanisa likasema. Mama yake akaisema pamoja nao, kwa wakati uleule, bila kungoja kwanza kuona vichwa vikiinuka.

Baada ya ibada, Mchungaji Simiyu aliwakuta Waithera na mama yake mlangoni.

"Waithera, uliniambia hutoshi," alisema. "Sikukubishia, maana hata mimi kila Jumapili nikipanda hapa najiona sitoshi. Lakini nimejifunza jambo moja, nataka ulishike. Mungu akimwita mtu, mara nyingi kuna mwingine mahali fulani anayengoja. Ukikaa unajipima kama unaweza au huwezi, yule anaendelea kungoja. Basi ukiitwa tena, usijitazame sana. Mtazame anayengoja, uende, na ukikosea urudi kama ulivyorudi."

Waithera akamgeukia mama yake, akamtafsiria yote. Mama alimfuata hadi mwisho, kisha akajibu kwa ishara chache, taratibu.

"Anasema ni kweli," Waithera alimwambia mchungaji. "Anasema yeye amengoja tangu akiwa mtoto."